Mhogo Uliotazama Nyuma

Kila mmoja wenu anayekuja kibarazani kwangu kujifunza kuchonga, lazima aiangalie ile jeti ya kijivu juu ya kabati halafu acheke kichinichini. Wa juzi hakucheka kichinichini, alisema wazi: "Mzee Wafula, hizi bunduki za chini ya bawa, nyingine umezibandika kinyume." Nikamwambia asante, chukua msasa ufanye kazi. Leo nitawajibu, kwa sababu mkiendelea kucheka nitakuja kumpiga mtu na nyundo, na kosa litakuwa langu.

Hicho kitu cha chini ya bawa ni podi ya bunduki. Ni kibweta kirefu, bunduki imelazwa ndani, mdomo unachungulia. Karakanani kwetu Nairobi hatukuwa na muda wa majina ya vitabuni, tuliiita mhogo. Ukiuchonga kwa mbao ukauacha mezani bila rangi, mkeo anaweza kuutia sufuriani. Wangu nusura autie.

Miaka yangu yote nimechonga ndege ndogo za kuwekwa kwenye kabati za vioo. Wateja walikuwa marubani wastaafu, maofisa, na wazungu fulani ambao wangekurudishia ndege kwa sababu ya gurudumu. Na nawaambia, mwili wa ndege hauna ubishi. Vipimo vipo, unagawanya kwa sabini na mbili, unachonga. Ugomvi wote uko kwenye vitu vinavyotundikwa, maana hivyo hubadilishwa. Ndege ileile, nchi hii inaibebesha mhogo mmoja tumboni, nchi ile miwili mabawani, na mwaka ukigeuka wameuvua wote wametia tangi la mafuta.

Tangi ndilo lililonitia adabu nilipokuwa mwanagenzi. Nilipewa picha yenye ukungu ya jeti ya mafunzo ya Waingereza, nikaona kitu kirefu chini yake, nikasema huo hapa mhogo. Nikautoboa tundu la mtutu, safi kabisa. Ofisa mwenye ndege akaigeuza tumbo juu, akaniuliza, "Kijana, hii inapiga watu kwa petroli?" Karakana nzima ilivunjika mbavu. Fundi wetu mkuu, Mzee Karanja, yeye hakucheka. Alilifunga lile tangi kwa uzi akanivisha shingoni, nikafanya nalo kazi mpaka jioni kama mbuzi aliyefungwa kengele. Alipolivua aliniambia, "Kile hujaona, usitundike." Nikaishika kanuni hiyo kuliko amri kumi, na ndiyo iliyokuja kuniponza.

Kwa hiyo shikeni kazi kwanza, aibu baadaye. Mhogo unautambua kwa mdomo: mtutu mmoja, au miwili iliyobanana kama pua ya nguruwe? Halafu tazama kitako, kimechongoka au kimekatwa butu? Halafu umetundikwa wapi. Halafu nani alikuwa akiirusha, wapi, mwaka gani. Na msiamini picha za maonyesho. Siku ya maonyesho ndege huvalishwa kama bwana harusi, hata vitu ambavyo haijawahi kuruka navyo. Tafuteni picha ya vumbi, fundi amevua shati, ndoo iko pembeni. Hiyo ndiyo ya kuamini.

Nilistaafu mwaka 2012. Mke wangu, Mama Nekesa, ni muuguzi, na kazi ilikuwa imemleta hapa Lodwar, basi nikafunga patasi zangu nikamfuata. Ndugu zangu Bungoma walisema nimefuata sketi jangwani. Nyinyi mmezaliwa na hili jua hamlijui. Mimi lilinifundisha kazi upya. Gundi ilikauka kwenye brashi kabla haijagusa mbao, rangi ikapasuka kama matope ya mto Turkwel. Nikajifunza kupaka alfajiri, na jua likishapanda naacha.

Huku nyuma mteja mmoja, rubani mstaafu niliyezoea kumwita Kapteni, akanipigia simu kutoka Nairobi. Alitaka jeti ya Kirusi, ile ya kushambulia ardhini, jinsi ilivyoruka vitani huku jirani kaskazini. "Wafula, usinipe ya maonyesho," akasema. "Nipe ile iliyofanya kazi." Neno hilo lilinifurahisha sana. Leo nikilikumbuka linanichoma.

Basi siku moja niko dukani kwa vifaa vya ujenzi hapa mjini, nataka msasa laini, na ile jeti ninayo mkononi, bado mbao tupu. Kando yangu mwanamume mrefu ananunua misumari. Alipogeuka akaiona, alirudi nyuma akagonga rafu, misumari ikamwagika sakafuni.

"Ejok, ndugu," nikamsalimu kwa salamu ya hapa. "Pole, nimekushtua?"

"Hii kitu nani alikuonyesha?" akauliza.

"Kwani unaijua?"

"Mimi naona hii na macho yangu. Ilikuja kwetu."

Alikuwa Petro, seremala, mkimbizi wa Sudan Kusini aliyekaa kambini Kakuma. Alitengeneza viti vya kanisa na majeneza. Mtu mwenye akili angesema pole tena, akaokota misumari. Mimi nilifungua kisanduku changu cha mihogo palepale kaunta, aina nane nilizozichonga kwa ajili ya kulinganisha, nikamwuliza, "Ilibeba ipi kati ya hizi?" Niliuliza kama mtu anayechagua nyanya. Uso unaniwaka hata sasa.

Petro hakukasirika. Tuliketi nje kwenye kivuli cha duka, akaniambia yote bila kuficha. Ndege ilipokuja kijijini kwao yeye alikuwa mbali na ng'ombe. Mwanawe Gatkuoth alikuwa nyumbani na Rebeka, mke wa ndugu yake. Rebeka alimsukuma mtoto ndani ya shimo walilochimba. Ndege ikapita. Rebeka akamwambia toka, imekwenda. Mtoto akatoka, risasi zikamkuta mdomoni mwa shimo.

Mama yake Petro alikuwa ameinamisha kichwa ndani ya shimo lingine. Hakuona, alisikia tu. Naye alishika neno moja: ndege ikishapita haipigi, kwa hiyo Rebeka alimtoa mtoto kabla haijapita. Damu ya mjukuu iko juu yake. Na kwa Wanuer, damu ikiwa katikati ya watu, hawanywi chombo kimoja. Walikimbia pamoja, wakafika Kakuma pamoja, wanaishi boma moja, lakini bibi hapokei maji wala chakula mkononi mwa Rebeka. Petro naye, kwa kuwa ndiye baba wa mtoto, hapokei.

"Mimi nataka kuamini Rebeka," Petro akasema. "Lakini mama ni mama. Wewe ni mtu ya ndege. Kuja Kakuma. Kama ndege inaweza kupiga ikishapita, sema. Kama haiwezi, sema pia. Sisi tutafuata."

Mnaona, niliitwa kuamua kama yule mwanamke atakunywa maji na watu wake au la. Niliambiwa kwa Kiswahili, mchana kweupe. Nami niliitikia ehe, ehe, huku nikiwaza kama mtutu ulikuwa mmoja au miwili.

Nilikwenda kwa lori la samaki wakavu kutoka Kalokol, nimepakata kisanduku mbele kando ya dereva. Dereva alinicheka njia nzima. "Mzee, wewe ndiye wa kwanza kusafirisha ndege kwa lori." Nilifika Kakuma nanuka kuliko mzigo wenyewe, na kichwa kimejaa maswali ya mihogo.

Bomani kwa Petro walikuwa wamejiandaa. Mabenchi yamepangwa, wazee wawili wa kanisa wameketi, bibi yuko mkekani kimya, macho makali. Karibu na ukuta kulikuwa na madumu mawili ya maji, moja huku, moja kule, na hakuna aliyehitaji kunieleza. Mwanamke mwembamba akaniletea maji kwa kikombe cha bati. Ndiye Rebeka. Mgeni hahusiki na damu ya watu, kwa hiyo nilikunywa, tena nikaomba cha pili.

Halafu nikapanga mihogo yangu benchini. Rebeka aliitazama kwa muda, akachukua mmoja. Mitutu miwili, kitako butu.

"Safi sana!" nikasema, na nikapiga makofi. Ndiyo, vijana, nilipiga makofi, mbele ya bibi wa marehemu.

Rebeka akaushika mhogo ule akauweka chini ya bawa la jeti yangu. Mdomo ukatazama mkiani.

"Hapana, mama," nikamwambia kwa upole, "mdomo hukaa mbele." Nikaugeuza.

Akaugeuza tena. "Hivi."

Nikaugeuza tena. Mzee mmoja wa kanisa akaguna kama anayecheka, nami nikacheka kidogo, nikamtazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyeshika kitabu juu chini.

"Ilipita," Rebeka akasema. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, kimechanganyika na Kiarabu cha Juba, lakini hakuna neno lililopotea. "Mimi niliona mkia. Kalas, imekwisha. Nikasema, Gatkuoth, toka. Moto ikatoka hapa." Akagusa mdomo wa ule mhogo, aliokuwa ameugeuza tena. "Ikarudi kwetu."

Petro akamtafsiria mama yake. Kisha akanigeukia. "Mzee, inawezekana?"

Hapo ningesema sijui. Ni neno fupi, halimchoshi mtu. Ningesema ngoja niulize. Lakini nilikuwa nimeketi katikati, watu wananitazama, na kichwani Mzee Karanja ananiambia kile hujaona usitundike. Mimi nilikuwa sijaona. Katika ujinga wangu, nisichokiona hakikuwapo duniani.

"Bunduki ya ndege haipigi nyuma," nikasema, tena kwa sauti ya darasani. "Rubani anatazama mbele, bunduki inatazama mbele. Mama huyu alichanganyikiwa na hofu. Si kosa lake."

Eti si kosa lake! Nilidhani nimemtetea.

Petro alitafsiri taratibu. Bibi alisema neno moja tu, akainuka akaingia ndani. Rebeka hakulia wala kubishana. Alichukua kikombe nilichonywea, akakisuuza, akakiweka kwenye vyombo vyake vya peke yake. Halafu akarudisha ule mhogo kisandukuni, kwenye nafasi yake, mdomo mbele kama nilivyotaka.

Nyumbani nilimsimulia Mama Nekesa kama mtu aliyeshinda kesi. Mitutu miwili, kitako butu, shahidi wa macho! Alikuwa anapepeta mchele, akaacha.

"Na yule mama?"

"Mama gani?"

"Aliyekupa maji, Baba Nekesa. Ulikuwa na hakika?"

"Nina hakika na mihogo kuliko jina langu."

Akaendelea kupepeta, na mimi nikaenda kupaka rangi.

Jeti ikatoka nzuri, sitadanganya. Uchaguzi wa 2013 ulipokaribia nikampigia Kapteni picha kwa simu nikamtumia, yeye aendelee kutamani kabla sijaituma yenyewe. Akanipigia akinisifu, halafu akacheka. "Lakini wewe mtu wa ukamilifu, hebu tazama hii." Picha aliyotuma ilikuwa ndogo mno kwenye simu yangu, nikaenda kwa kijana wa saibakafe pale mjini anifungulie kwa kioo kikubwa. Ilikuwa picha ya vumbi. Fundi amevua shati. Chini ya bawa kulikuwa na mihogo miwili, mitutu miwiliwili, kitako butu. Mmoja ulitazama mbele. Wa pili ulitazama mkiani, na mitutu yake imeinama kuelekea chini.

Nikampigia Kapteni. Akanieleza bila wasiwasi kwamba baadhi hutundikwa hivyo makusudi. Ndege ikishapita juu ya mahali, ule wa nyuma unaendelea kupiga waliobaki.

Hisia yangu ya kwanza ilikuwa furaha. Nimejaribu miaka hii yote kuikumbuka vingine, haikubali. Nilimwambia kijana wa saibakafe, "Umeona? Unageuzwa!" kama niliyeokota almasi. Ndipo nikakumbuka kidole cha Rebeka juu ya mdomo wa mhogo, na kicheko changu. Nilitoka nje jasho linanitiririka, nikaegemea ukuta wa watu.

Mtu mwenye haya ya kweli angepanda lori siku ileile. Yangu ilikuwa haya ya uongo, ile inayokuficha badala ya kukutuma. Nilijiambia tungoje uchaguzi upite, kusije kukawa na fujo. Ukapita kwa amani. Nikajiambia mvua imejaza malaga, hii mito yenu ya mchanga, magari yamekwama. Malaga yakakauka. Nikajiambia ngoja kwanza niitengeneze jeti upya, hiyohiyo mnayoiona juu ya kabati, niende na ushahidi kamili. Nikageuza mhogo mmoja kila bawa, nikapaka rangi upya, nikangoja ikauke, jangwani hapa ambako rangi haingoji mtu. Mama Nekesa ndiye aliyeweka kile kisanduku mlangoni asubuhi moja akaniambia, "Lori la samaki linaondoka."

Nilimkuta Petro akipiga randa. Alinitambua, lakini randa haikusimama.

"Petro, nimekuja kuzungumza na mama yako. Nilikosea."

"Mama hayuko," akasema. "Tulimzika wakati ya mvua."

Nikasema pole. Petro akapuliza maranda juu ya ubao.

"Homa ilikuwa kali," akasema. "Wasichana ya jirani walikuwa wamekwenda kwa foleni ya chakula. Rebeka alileta maji. Mama alifunga mdomo. Rebeka aliomba, mimi pia niliomba. Mama alisema hapana, mtu ya ndege alishasema."

Nyinyi mnanijua mimi ni mtu wa maneno. Siku hiyo nilikaa tu kwenye maranda.

Rebeka akaja kutoka nyuma ya nyumba. Nikaitoa jeti, nikawaonyesha wote wawili mihogo ilivyogeuzwa, nikawaonyesha picha niliyochapishiwa, nikaeleza kama Kapteni alivyonieleza. Petro aliishika ile picha muda mrefu. Rebeka hata hakuigusa.

"Mimi nilikuwa najua," akasema. Akaelekeza kidevu upande wa makaburini. "Mwambie yeye."

Nilidhani ni namna ya kunifukuza. Haikuwa hivyo. Aliingia ndani akatoka na dumu lake dogo la maji na kikombe chake cha bati, kama mtu anayejiandaa kwa mwendo wa juani, akatangulia. Petro akaweka randa chini. Mimi nikafuata na ndege yangu kwapani, mzee mzima, na watu wa kambi wananitazama njiani.

Kaburi lilikuwa rundo la udongo na msalaba wa mbao, kazi ya mkono wa Petro. Nikapiga magoti. Sikujua mtu anaanzaje.

"Mama," nikasema, "mimi ni yule mtu wa ndege."

Nyuma yangu nikasikia Petro akitafsiri kwa Kinuer. Sikuwa nimemwomba. Alitafsiri kwa sauti ileile aliyotumia siku ile bomani, kama bibi bado yuko mkekani.

"Nilisema kitu nisichokijua. Nilisema mbele ya watu, na wewe ukaniamini."

Akatafsiri.

"Bunduki ile inapiga nyuma. Ndege ilikuwa imepita. Rebeka alimtoa mtoto wakati imeshapita. Alisema kweli tangu mwanzo."

Petro akayasema kwa Kinuer, na alipomaliza akayarudia tena, polepole, na mara hii hakuwa akimwambia mama yake. Alikuwa amemgeukia Rebeka.

Akaketi chini kwenye mchanga. "Rebeka," akasema kwa Kiswahili, nadhani alitaka na mimi nisikie, "nipe maji."

Rebeka alimtazama kama hakuelewa. Petro akanyoosha mkono. Ndipo akamimina, dumu linagonga kikombe, maji mengine yakamwagika mchangani yakanywewa na ardhi. Petro alikunywa mpaka tone la mwisho, akarudisha kikombe. Rebeka hakukisuuza. Alimimina tena, akanywa yeye, ukingo uleule.

Mimi nilikuwa bado nimepiga magoti, jua la Kakuma kisogoni, koo limekauka kabisa. Sikuomba.